Bawa la kuvuta halikuwa ndoto ya kichaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazikata lakini hii nawaomba msiikate sana, manake nimeiandika usiku tatu baada ya kazi, na kila nikiisoma naona bado kuna kitu sijakisema vizuri.

Mi ni fundi wa mitumbwi hapa Kigungu, Entebbe. Wanaopajua Kigungu wanajua tuko karibu kabisa na uwanja wa ndege, ndege zikija kutokea upande wa ziwani zinatupita juu ya vichwa, na watoto wetu wanazijua sauti za injini kabla hawajajua kusoma. Wiki mbili zilizopita mlitoa makala ya ndege za zamani zilizoshindwa. Nilifurahi kuiona sababu habari kama hizo kwa Kiswahili huku Uganda ni shida kuzipata, lakini nilipofika kwenye ile aya ya ndege zenye mabawa yanayoongezeka na kupungua zikiwa hewani, furaha ikaisha. Mwandishi wenu kaziita ndoto za vichaa, mistari minne tu, halafu kaendelea na mengine. Tena kazichanganya na ndege za vita zinazolaza mabawa nyuma kama ile F-111 ya Wamarekani. Hayo ni mambo mawili. F-111 inageuza pembe ya bawa, bawa linalala nyuma ili ndege ikimbie zaidi. Hawa ninaowatetea mimi walikuwa wanatafuta kitu kingine, walitaka lile eneo lenyewe la bawa, ule ukubwa unaobeba ndege, liwe kubwa wakati wa kuruka na kutua na liwe dogo wakati wa safari.

Ningeweza kunyamaza, ila makala yenu imefika wakati nyumbani kwangu kuna kidonda bado kibichi.

Kijana wangu yuko sekondari. Muhula uliopita shuleni kwao kulikuwa na mashindano ya sayansi, na ye akaamua kutengeneza modeli ya ndege yenye bawa la kuvuta. Wazo alilipata mwenyewe, mi sikumpa. Alichukua boksi la sabuni akakata bawa la nje likiwa na uwazi ndani, halafu akatengeneza bawa dogo la kuingia humo kwa plastiki za chupa za maji, na mhimili wa kulibeba akatumia eriali ya redio iliyokufa, ile inayovutika vipande vipande. Uzi wa nyavu unapita juu ya kigurudumu kidogo, ukivuta mabawa yote mawili yanatoka kwa pamoja, ukiachia kuna mpira wa kuyarudisha. Wiki nzima alikuwa anapambana na bawa la kushoto sababu lilikuwa linachelewa kutoka, akilipaka sabuni linatoka, likikauka linagoma tena.

Alipomaliza akaniomba tukaipime. Tukafunga ule mzani wa kuning'iniza samaki, mzani wa springi, kwenye ubao wa chini wa mtumbwi, ndoano ikiangalia juu, modeli tukaifunga kwenye ndoano kwa kamba fupi. Jirani yangu mvuvi akawasha injini tukatoka asubuhi mapema ziwa likiwa limetulia, na tukaenda kwa mwendo mmoja bila kuongeza bila kupunguza. Bawa likiwa limeingia, kamba ilikaza kidogo tu na mshale wa mzani ukatikisika pale pale karibu na sifuri. Kijana akavuta uzi, mabawa yakatoka, na mi kwa macho yangu nikaona kamba inanyooka na mshale unasogea na kubaki huko ulikosogea. Injini haikuongezwa kitu. Tulirudia mara nyingi hadi jirani akaanza kulalamikia petroli yake.

Siku ya mashindano jaji mmoja akaishika modeli, akavuta uzi mara moja, akasema huu ni mchezo wa watoto, ndege haibadilishi bawa, bawa la ndege limekazwa na haliendi popote. Hakumpa hata nafasi ya kueleza ule mzani. Kijana alirudi nyumbani akaweka modeli juu ya kabati na hajaigusa. Ndo maana nilipoona na gazeti ninaloliheshimu linasema ndoto za vichaa nikaona hapana, hii lazima nijibu.

Nianze na jambo ambalo mtu wa ziwani analielewa bila kufundishwa. Mzee wangu alizaliwa Ukerewe, na alikuja upande huu akiwa anasafiri kwa mtumbwi wa tanga. Alinifundisha nikiwa mdogo kwamba upepo ukiwa mdogo unafungua tanga lote, upepo ukizidi unalipunguza, unakunja sehemu unafunga, sababu tanga lile lile lililokuwa linakuvuta vizuri asubuhi ndo litakalokupindua mchana. Hakuna baharia anayeona ajabu kubadilisha ukubwa wa tanga. Sasa bawa na tanga ni ndugu, tofauti ni kwamba mtumbwi unapewa upepo na Mungu, ndege inajitengenezea wa kwake kwa mwendo. Nguvu inayoibeba ndege inakwenda na vitu vitatu vikubwa ukiacha umbo la bawa na pembe yake: uzito wa hewa, eneo la bawa, na mwendo uzidishe kwa mwendo. Hiyo ya mwendo ndo yenye maneno, manake ukiongeza mwendo mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo ndege ikiwa mbio sana angani haihitaji bawa kubwa, lile bawa la ziada linasugua hewa bure na kula mafuta, lakini ikipunguza mwendo ili itue, hapo bawa dogo haliwezi tena kuibeba.

Na sisi wa Entebbe jambo hili linatuhusu zaidi kuliko watu wa Mombasa. Uwanja wetu uko kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, kwa hiyo ndege ile ile yenye mzigo ule ule lazima ikimbie zaidi hapa kabla haijanyanyuka.

Miaka ya 1920 na 1930 tatizo hilo lilikuwa limewakaba wote wanaotengeneza ndege. Injini zilikuwa zinapata nguvu kila mwaka, ndege zinaweza kwenda mbio, lakini viwanja vingi vilikuwa majani tu na vifupi. Ukitengeneza ndege ya mbio yenye bawa dogo itatua kwa kasi na kuvunjika kwenye majani, ukitengeneza ya bawa kubwa itatua salama lakini angani inajikokota. Watu wakauliza swali la baharia: kwa nini bawa lisiwe kama tanga? Hilo ni swali la mtu mwenye akili timamu.

Wa kwanza ninayetaka wasomaji wamjue ni Ivan Makhonine, Mrusi aliyehamia Ufaransa. Ndege yake Mak-10 iliruka Agosti 1931. Bawa lake la katikati lilikuwa nene na wazi ndani, na ncha zake mbili za nje ziliingia humo na kutoka, sawasawa na eriali ya redio ya kijana wangu, zikisukumwa kwa presha ya hewa. Yakiwa yameingia, upana wa mabawa kutoka ncha hadi ncha ulikuwa mita 13, yakitoka mita 21. Eneo lilitoka mita za mraba 21 likafika 33. Hebu tupige hesabu hapo sababu ndo utamu ulipo. Eneo limeongezeka zaidi ya nusu, na kwa vile mwendo unazidishwa kwa mwendo, ndege yenye uzito ule ule ambayo kwa bawa fupi ingehitaji kilomita 100 kwa saa ili isianguke, kwa bawa refu inahitaji kama 80. Anayejua kutua mtumbwi ufukweni kukiwa na mawimbi ataelewa maana ya kupunguza sehemu moja ya tano ya mwendo unapokaribia ardhi, ni tofauti ya kuvunja na kutovunja.

Na ndege hiyo iliruka, haikubaki mchoro. Makhonine akaendelea akatoa Mak-101 yenye injini kubwa zaidi na magurudumu ya kukunja, na baada ya vita, 1947, akatoa nyingine, Mak-123. Mtu anafanya kitu kimoja miaka 16, vita kuu imepita katikati, na bado anarudi kwenye bawa lile lile. Mi namheshimu.

Sasa kwa nini hatuzioni leo? Hapa nataka niseme kama fundi, manake nafikiri makala yenu ilipita haraka mno mahali ambapo pana elimu yote. Mlingoti ukivunjika na unataka kuuunga, huwezi kugusanisha ncha kwa ncha ukapiga misumari ukaenda, lazima vipande vilaliane kwa urefu wa kutosha, la sivyo upepo wa kwanza utaufungua. Na huo urefu wa kulaliana ni mti unaoubeba mara mbili. Bawa la kuvuta ni hivo hivo. Kipande cha nje hata kikitoka chote lazima sehemu yake ibaki ndani imeshikwa, na sehemu hiyo ni uzito ambao haubebi kitu. Halafu bawa linapindwa zaidi pale karibu na mwili wa ndege, hapo ndo unataka liwe na boriti na mbavu imara kama mataruma ya mtumbwi, lakini hapo hapo ndo umeambiwa uache wazi ili kipande kingine kipite. Unajenga nyumba halafu unaambiwa toa nguzo za katikati watu wapite. Inawezekana, ila itakubidi uongeze nguvu kwenye kuta, na nguvu ni uzito.

Tena kuna msuguano. Bawa likiwa angani limepindwa kuelekea juu, na kipande kilichopindwa hakitelezi vizuri ndani ya kingine, kinang'ang'ania kwenye kingo, ndo yale yale ya bawa la kushoto la kijana wangu na sabuni yake. Na likigoma upande mmoja wakati upande wa pili umetoka, ndege inainama upande mfupi na rubani ana sekunde chache sana za kufikiri. Vile vibawa vidogo vya kuinamisha ndege kushoto na kulia vinataka kukaa kwenye ncha, sasa ncha inatembea, kwa hiyo waya zake nazo inabidi zirefuke na kufupika bila kulegea. Kila tatizo lina dawa yake, lakini kila dawa ina kilo zake, na mwisho ndege imebeba mashine ya kurefusha bawa safari nzima kwa ajili ya kuitumia dakika chache mwanzo na dakika chache mwisho.

Warusi walijaribu njia nyingine ambayo mi binafsi naipenda zaidi. Grigory Bakshaev kule Leningrad alitengeneza LIG-7, iliruka 1937, injini ya nguvu za farasi 100 tu. Ye hakurefusha ncha. Bawa lake la ndani lilikuwa jembamba na limekazwa, halafu kutoka kwenye mwili wa ndege kulikuwa na vipande sita kila upande vinavyotoka kimoja kinafuata kingine vikivutwa kwa waya za chuma, vinalaliana kama mabati ya paa na kulivalisha lile bawa jembamba bawa pana juu yake, kuanzia mwilini hadi kama theluthi mbili ya urefu wake. Eneo lilitoka mita za mraba 16.56 hadi 23.85, yaani ongezeko la asilimia 44. Ona akili iliyopo hapo: boriti ya bawa haikuguswa, iko pale pale ndani imekamilika, vipande vinavaliwa juu kama kanzu. Na vinapanuka pale karibu na mwili ambapo bawa lina nguvu, sio kule nchani. Akapata moyo akaanza kutengeneza ya vita, RK-I, yenye mabawa mawili membamba moja mbele moja nyuma na vipande vya kuziba nafasi ya katikati wakati wa kuruka na kutua. Hiyo haikuruka kabisa sababu injini iliyopangiwa haikupatikana. Inaniuma kila nikiifikiria, kazi yote ile halafu injini haiji. Sisi mafundi tunalijua hilo, umemaliza mtumbwi unanukia rangi mpya na mwenyewe hana pesa ya injini.

Na kulikuwa na Vladimir Shevchenko, rubani, na mhandisi Vasily Nikitin, wao 1940 walirusha ndege ya IS-1 ambayo iliruka ikiwa na mabawa mawili, moja juu moja chini, halafu ikiwa hewani lile la chini likakunjwa pamoja na magurudumu, nusu yake ikaingia ubavuni mwa ndege na nusu nyingine ikalala kwenye shimo chini ya bawa la juu. Kutoka mita za mraba karibu 21 hadi 13. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaivamia nchi yao na mambo ya majaribio kama hayo yakawekwa kando. Waingereza nao 1941 walijaribu njia ya mkato, ile ndege ya Hillson Bi-mono, ina bawa la ziada juu la kurukia, ukishapanda unaliachia linaanguka. Hiyo mi siisifu sana, bawa ukishalitupa baharini utatua na nini ukirudi, lakini nayo inaonyesha jinsi swali lilivyokuwa linawasumbua watu wazima wenye viwanda.

Sasa nakuja kwa mtu ambaye kama makala yenu ingemtaja nisingeandika barua hii. Harlan Fowler, mhandisi Mmarekani, mwaka 1924 alibuni flapu yake. Wakati huo flapu zilizojulikana zilikuwa kipande cha nyuma ya bawa kinachoinama chini tu, kama mlango wenye bawaba. Ya Fowler kwanza inatembea kurudi nyuma kwenye reli, bawa linakuwa pana, halafu ndo inainama, na kati yake na bawa kunabaki upenyo mwembamba ambao hewa inapita kwa kasi na kusaidia isibanduke juu ya flapu. Kwa maneno mengine Fowler alifanya alichotaka kufanya Bakshaev, kuongeza upana wa bawa badala ya urefu, ila alichukua kipande kidogo cha nyuma peke yake na boriti kuu akaiacha ilipo. Kwa miaka hakupata wa kumsikiliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 NACA, lile shirika la utafiti lililotangulia NASA, wakaipima kwenye handaki la upepo, lile bomba kubwa la kupulizia hewa bawa ili lipimwe, na hapo ndo watu wakaanza kuamini. Ilipofika 1937 ndege ya abiria ya Lockheed 14 ilikuwa nayo, na ni ndege hiyo hiyo ambayo Howard Hughes, tajiri na rubani wa Marekani, aliizungushia dunia Julai 1938 kwa chini ya siku nne. Ile B-29, ndege ya mabomu ya Wamarekani wakati wa vita kuu ya pili, flapu zake zikitoka zilikuwa zinaongeza eneo la bawa kama asilimia 20. Hata zile Hercules nne, ndege za mizigo za jeshi la Israeli, zilizotua hapa Entebbe usiku wa Julai 1976 kuokoa mateka, usiku ambao wazee wa hapa bado wakiutaja wanashusha sauti, zina flapu za namna ya Fowler, ni ndege iliyotengenezwa kutua mahali pafupi na mzigo mzito.

Kwa hiyo yule jaji aliyesema bawa la ndege limekazwa na haliendi popote, namwomba kwa heshima zote aje Kigungu asimame ufukweni pale tunapoanikia mukene, dagaa wetu. Ndege kubwa ikija kutua, mfano zile Airbus A330-800 mbili za Uganda Airlines, aangalie chini ya bawa upande wa nyuma. Ataona vitu vimening'inia, virefu, vimechongoka mbele na nyuma. Mi nilipoviona mara ya kwanza nilisema hiyo ni mitumbwi, kabisa, umbo la mtumbwi mdogo. Ndani ya ile mitumbwi ndo kuna reli na mikono inayosukuma flapu kwenda nyuma. Ndege ikiwa bado mbali bawa lake ni jembamba na safi, ikikaribia unaona ukingo wa nyuma unaanza kuteleza kidogo, unasimama, unateleza tena, na ukingo wa mbele nao unafunguka, hadi ikifika juu yetu lile bawa limekuwa pana na limejikunja kama kiganja cha mtu anayechota maji, na kwenye ule upenyo unaweza kuona mwanga wa anga unapita. Hilo ni bawa linalobadilisha eneo, ndugu zangu, mbele ya macho ya mtu yeyote wa Entebbe. Na ikishagusa ardhi yote yanarudishwa ndani, abiria wa dirishani wanasikia mlio wake na wengi hawaulizi ni nini.

Na hata lile bawa la kurefuka ncha halikufa. Wajerumani, wanafunzi wa chuo cha Stuttgart, 1975 walirusha glaida ya FS 29 yenye mabawa yanayotoka mita 13.3 hadi mita 19. Wanafunzi, nasema. Wenzao wa Braunschweig wakatengeneza SB-11 ya kupanua upana wa bawa, na 1978 Helmut Reichmann akashinda nayo ubingwa wa dunia kule Ufaransa kwenye daraja la glaida zenye mabawa ya mita 15 ncha hadi ncha. Glaida haina injini, inapanda kwa hewa ya moto inayotoka ardhini, ikiwa inapanda inazunguka polepole na inataka bawa kubwa, ikitoka hapo kwenda kutafuta hewa nyingine ya moto inataka kukimbia na bawa dogo. Ukitaka kuielewa bila kitabu angalia kaloli wa Kampala, wale korongo wakubwa, saa tano asubuhi, wanazunguka juu ya majalala bila kupiga bawa hata moja, wameyatandaza yote hadi manyoya ya ncha yameachana kama vidole. Mwewe naye huzunguka hivo hivo, lakini mwangalie anapomwona kifaranga, anavyoyavuta mabawa mwilini na kushuka kama jiwe. Ni ndege yule yule, bawa lile lile, eneo mbili. Makhonine hakuota, aliangalia juu.

Ndugu Mhariri, ninachoomba ni vitu viwili. Cha kwanza, mtoe masahihisho kwenye suala la F-111, sababu wanafunzi wanalisoma gazeti lenu, hasa sasa ambapo Kiswahili tangu 2022 serikali imekipitisha kuwa lugha rasmi na watoto wanakihitaji kwa zaidi ya kusalimiana. Mtoto akisoma fizikia kwa Kiswahili chenye makosa atayabeba hayo makosa hadi mtihani. Cha pili, mpeni mwandishi wenu kurasa mbili nzima arudi kwenye ndege hizi moja moja, na picha, aeleze lipi lilifanya kazi na lipi lilikwama na kwa nini, manake neno kushindwa peke yake halimfundishi kijana kitu. Bakshaev alishindwa kwa injini, bawa la kuvuta lilielemewa na uzito, Fowler alingojeshwa miaka. Hizo ni sababu tatu tofauti na kila moja ina somo lake kwa mtu anayetaka kutengeneza kitu hapa hapa Uganda, awe Katwe kwa mafundi wa Kampala na mashine ya kuchomelea au huku kwetu na randa.

Kuhusu kijana wangu, baada ya kumsomea nilichoandika hapo juu kuhusu Fowler aliishusha modeli kabatini. Bawa la pembeni ameling'oa, sasa anaweka la kutoka nyuma, linateleza kwenye kipande cha reli ya pazia tulichokinunua Kitoro hapa mjini, na anasema la kushoto safari hii halitagoma sababu vipande vyote viwili vimefungwa kwenye fimbo moja. Jumamosi asubuhi kama ziwa litakuwa limetulia tunaipima tena, mzani nimeshauazima na petroli tumemnunulia jirani. Yule jaji kama anasoma hapa, na mwandishi wenu pia, wakaribie, mtumbwi una nafasi ya watu wanne zaidi na maboya ya kuvaa yapo ya kutosha.

Fundi wa mitumbwi,
Kigungu, Entebbe